Anti, nimekulia ziwani lakini mama hataki tuguse bahari ya Durban

Anti habari ya leo,

Mimi ni msomaji wako wa kimya kimya, sijawahi kukuandikia, lakini hii imenishinda. Niko na miaka 34, nimezaliwa na kukulia Dunga hapa Kisumu, niko na bibi na watoto wawili, msichana wa miaka tisa na kijana wa sita. Dadangu mkubwa ni nesi kule Durban, Afrika Kusini, na hajafika nyumbani miaka minne sasa, kwa hivyo tumeamua Desemba hii tunamfuata huko huko, mimi na bibi na watoto na mama. Tiketi tushalipa, nyingine tumekopa sacco, hiyo usiniulize.

Sasa dada ana ofu moja tu ya maana, tarehe 26 Desemba, na amesema siku hiyo atatupeleka bichi yao ya mjini, wanaiita Golden Mile, pale watu wanateleza juu ya mawimbi wakiwa wamesimama kwa ubao. Mimi niliposikia hivyo nikaambia watoto, watoto wakaambia shule nzima, alafu mimi pia kwa ujinga wangu nikaambia watu wa steji (naendesha boda) kwamba nitarudi na video nikiwa nimesimama juu ya wimbi. Wamecheka sana lakini nimeapa.

Shida ni mama. Mama ni muuza samaki, amelea sisi wote na samaki ya soko la Kibuye, lakini maji hataki kuyasikia. Ndugu yake wa kumfuata alizama ziwani 1987 akienda kutoa nyavu, mwili ulipatikana siku ya tatu. Tangu hapo mama ananunua samaki pale ufuoni akiwa amesimama mbali na maji, hata miguu haloweshi. Sasa amesema kama tunaenda bahari yeye anabaki kwa nyumba ya dada, na watoto wakiguswa na maji asilaumiwe. Kwa meza ya chakula alisema "mmoja alitosha" akaondoka, na tangu siku hiyo hatujaongea vizuri.

Bibi yangu amechukua upande wa mama. Mimi nilimwambia mama ni uoga wa zamani tu, mimi naogelea tangu nikiwa na miaka mitano, nimevuka kutoka Dunga hadi Hippo Point mara nyingi bila shida, sasa maji ni maji ama? Naomba unisaidie mambo mawili, moja nimwambie mama nini akubali, na pili tupange hiyo siku namna gani ndio watoto wafurahie, maana nasikia wewe ulikaa Durban.

Asante Anti,
Mtoto wa Dunga

*

Mtoto wa Dunga, kaa chini kwanza.

Nimesoma barua yako mara mbili na hapo pa "maji ni maji ama" ndipo nilipovua miwani. Hapana mwanangu. Na kabla hatujafika kwa mama yako nataka nikuambie kitu ambacho sijawaambia watu wengi, hata bwanangu nilimwambia baada ya miaka.

Nilikaa Durban miaka mitatu, ni kweli, nilienda kusoma. Na mimi pia ni wa ziwa, sisi tumetoka Usoma, nimeogelea kabla nijue kuandika jina langu. Wiki yangu ya pili huko nikaenda bichi peke yangu jioni, saa kumi na moja hivi, nikaona watu wamesongamana sehemu moja katikati ya bendera mbili kama kuku kwa kapu, na pembeni kando ya gati kuna sehemu nzuri imetulia, haina mawimbi, haina watu, maji yamekaa kijani ya giza. Nikasema hawa watu ni washamba. Nikaingia pale palipotulia.

Dakika mbili tu. Sikusikia kuvutwa, hicho ndicho kitu kibaya, nilisikia tu kwamba mchanga umeisha chini ya miguu, nikageuka nirudi, nikapiga maji kwa nguvu zangu zote kama tunavyofanya nyumbani, na kila nikiangalia gati, gati inaenda mbele mimi naenda nyuma. Nilipiga mpaka mikono ikawa mizito kama imefungwa mawe. Kijana mmoja, muokoaji, alikuja na ubao wake akaniambia nilale juu yake niache kupigana. Alinitoa kwa kuzunguka pembeni, sio kwa kurudi moja kwa moja. Nilipofika mchangani nilitapika maji ya chumvi mbele ya watoto waliokuwa wanakula aiskrimu.

Sasa elewa kilichotokea, kwa sababu hicho ndicho mama yako anakiogopa bila kukijua jina. Mawimbi yanaleta maji mengi ufuoni, moja baada ya lingine, hayaishi. Hayo maji lazima yarudi, na hayarudi kila mahali, yanatafuta njia, mfereji uliochimbika katikati ya mafungu ya mchanga, ama pembeni ya kitu kigumu kama gati, na Golden Mile imejaa magati. Pale kwa mfereji mchanga uko chini zaidi kwa hivyo wimbi halivunjiki, ndio maana panaonekana pametulia. Penye povu jeupe ndipo kina ni kifupi, penye utulivu wa giza ndipo mto unarudi baharini. Kwa ziwa tumefundishwa kinyume, sehemu tulivu ndio ya kuogea, penye mawimbi kuna upepo kaa mbali. Ukiingia Durban na hiyo akili ya Dunga utaenda straight kwa mdomo wake, kama mimi, na wewe ni muogeleaji mzuri kwa hivyo utaenda ukiwa na raha.

Ukishikwa, na naomba Mungu usishikwe, usishindane nayo. Huo mkondo haukuvuti chini, unakupeleka nje tu, na ukishatoka nje unapoteza nguvu. Elea (maji ya chumvi yanakubeba kuliko ya ziwa, hiyo ni faida moja umepewa), inua mkono mmoja juu, na kama una nguvu ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke kwa huo mto ndio ugeuke. Fundisha bibi yako hivyo hivyo. Na ukiona mtu mwingine ameshikwa usimrukie, kuna maboya ya rangi ya pinki yametundikwa kwa vigingi sehemu nyingi za pwani ya Afrika Kusini, yamewekwa na wale wa NSRI, shirika lao la uokoaji baharini, unamtupia hilo huku mwingine anaita muokoaji. Mara nyingine anayezama ni yule wa pili, aliyeingia kuokoa.

Kwa hivyo la mama yako, mimi siko upande wako, pole. Unaniuliza umwambie nini akubali. Mimi nauliza wewe umeshawahi kumuuliza nini kuhusu mjomba wako? Umeandika mwaka, umeandika siku ya tatu, basi. Jina lake hujaliandika hata. Mama alikuwa msichana, akasimama ufuoni siku tatu akingoja maji yarudishe ndugu yake, na akatoka hapo akaendelea kuuza samaki wa ziwa lile lile ili mle, alafu mtoto wake anamwambia ni uoga wa zamani. Ningekuwa mimi pia ningeondoka mezani.

Enda kwake jioni ukiwa peke yako bila bibi na bila watoto, umuombe msamaha kwa hilo neno, alafu umuulize ile siku ilikuwaje. Usiingize Durban hapo kabisa. Akiongea usimkatize. Akikataa kuongea, rudi siku nyingine na mkate. Ruhusa ya bahari utaiomba baadaye, pengine hata hutaiomba, pengine yeye ndiye atasema watoto waloweshe miguu tu. Na akisema anabaki nyumbani, anabaki, si kosa, mtu mzima ana haki ya kutotazama maji. Ila usimwache peke yake siku nzima kwa nyumba ngeni, nusu siku inatosha, na nitakuambia kwa nini nusu siku pia ni bora kwenu nyinyi.

Tuje kwa mpango. Tarehe 26 futa. Najua dada ndio ofu yake lakini mwambie abembeleze mwenzake wabadilishane, hata kama ni Jumanne ya Januari asubuhi. Tarehe 26 kule ni sikukuu, wanaiita Siku ya Wema, na kati ya Krismasi na mwaka mpya watu wanatoka Johannesburg na kila mahali wanajaa ule ufuo mpaka mchanga hauonekani. Watoto wanapotea wengi, mpaka manispaa wanawafunga watoto bangili mkononi zenye namba ya simu ya mzazi. Na wewe una mtoto wa miaka sita aliyeahidiwa mawimbi. Kama lazima iwe tarehe 26, hiyo bangili iwe kitu cha kwanza mnachotafuta mkifika, kabla ya choo.

Mwende asubuhi. Durban mwezi wa 12 jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na wao wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hivyo mwili wako wa Kisumu utakuwa macho hata hivyo. Saa kumi na mbili asubuhi ukiwa pale promenedi utakuta wazee wanakimbia, vijana wa ubao washaingia na kutoka, upepo bado unatoka nchi kavu na mawimbi yamesimama vizuri kama yamepigwa pasi. Ikifika mchana mara nyingi upepo wa kaskazini mashariki unaamka, bahari inachafuka, na huo upepo ndio unaleta vile vidude vya buluu kama vibaluni vidogo vyenye mkia mrefu, vinachoma vibaya, hata vikiwa vimekufa pale mchangani. Watoto watataka kuokota kwa sababu ni vizuri kuangalia. Waambie mapema.

Kwa hivyo saa kumi na mbili hadi saa nne, basi, mnatoka jua halijawageuza. Umezoea jua la Kisumu najua, mimi pia nilisema hivyo, lakini kule unapulizwa na upepo wa baridi huku unaungua, usiku ndio unajua. Paka watoto sanskrini, usiseme sisi ni weusi.

Waingie maji wapi? Katikati ya bendera nyekundu na njano, mbele ya waokoaji, hakuna pengine. Waokoaji wakifunga jioni na bendera zao wakatoa, na nyinyi mmefunga. Kijana wako wa sita asiende zaidi ya magoti yake, na usimwangalie ukiwa umekaa kwa mchanga, simama naye umemshika mkono, maana wimbi linalokugonga wewe kwa goti linamgonga yeye kwa kifua na likirudi linachota mchanga chini ya miguu yake. Kuna pia vidimbwi vya watoto pale kando ya promenedi, maji ya kifupi kabisa, hivyo pengine ndivyo vitamfanya bibi yako apumue.

Jioni ya kuamkia siku hiyo mwambie dada aulize kama ufuo uko wazi. Yale mafuriko ya Aprili 2022 yaliharibu sana mifumo ya maji taka ya Durban na ufuo ulifungwa mara nyingi baada ya hapo, manispaa wanapima maji na wanatangaza. Na mvua kubwa ikinyesha usiku, hata kama wamesema uko wazi, mimi nisingeingia asubuhi yake, kama vile wewe huwezi kuogelea karibu na mtaro hapa Kisumu baada ya mvua. Hiyo siku wapeleke watoto kuangalia tu.

Papa najua watoto watauliza. Kuna nyavu za papa zimetegwa nje pale tangu 1952, kwa sababu miaka ya kabla ya hapo watu walikuwa wanaumwa hapo hapo mjini. Lakini usiwaambie watoto ni ukuta. Ni nyavu zimepangwa kwa vipande, samaki anaweza kupita juu na chini na pembeni, zinapunguza tu papa wanaozunguka karibu. Mama yako akisikia neno nyavu ataelewa haraka kuliko wewe.

Na huyo mama, hebu nikuambie. Akikubali kutoka nyumbani, usimpeleke mchangani. Mwanzo wa ufuo upande wa kusini kuna uShaka, ilifunguliwa 2004, ina akwariamu iliyojengwa kama meli kubwa iliyozama, unashuka ndani unaona samaki wanapita kwa vioo. Mtu ameuza samaki miaka yote hiyo akiwaona wamelala tu, sasa atawaona wakitembea. Mimi nilimpeleka mama yangu alipokuja graduesheni, akasimama kwa kioo kimoja karibu nusu saa akihesabu bei. Kuna kiingilio, dada aulize mapema. Pia kuna wavuvi wa ndoano wanaosimama kwa baadhi ya magati, hao ukimwacha nao dakika kumi atakuwa ashawaambia samaki yao ni ndogo.

Na kama ana umri ninaofikiria, anakumbuka habari za ubaguzi redioni. Mwambie huo ufuo mnaokanyaga uligawanywa kwa rangi mpaka 1989, mtu kama yeye angefukuzwa pale mlipokaa. Miaka miwili tu baada ya mjomba wenu. Mimi hilo lilinigusa kuliko bahari yenyewe.

Sasa ubao. Nilikuwa nataka nikatae lakini wewe umeapa kwa steji. Basi fanya hivi, usikodishe ubao ukaingia peke yako, chukua mwalimu, wako pale kando ya North Beach na Bay of Plenty, somo la saa moja hivi. Mwalimu atakupa ubao wa sponji, mrefu na mpana, unaonekana wa kitoto lakini huo ndio unaelea na ukikugonga kichwa hutapasuka. Mguu utafungwa kamba, usiifungue hata kama inakuudhi. Utaanza kwa povu jeupe karibu na ufuo, maji ya kiunoni. Utalala, utapiga mikono, utaruka usimame, utaanguka. Kisha tena. Mikono ya boda haitakusaidia, mabega yatawaka kesho yake kama umelima. Kuna sehemu za wanaoogelea na sehemu za mbao, usichanganye, ubao ukiingia kwa waogeleaji unaweza kumuumiza mtoto wa mtu na waokoaji watakupigia filimbi mbele ya dunia nzima. Na yale mawimbi makubwa pale kwa gati, pale unapoona vijana wanaruka, hao wameanza wakiwa wadogo kama kijana wako, Shaun Tomson aliyekuwa bingwa wa dunia 1977 ametoka hiyo hiyo Durban. Hapo wewe piga picha tu.

Vingine vidogo vidogo. Pasi za kusafiria na pesa nyingi acha kwa dada, bichi enda na simu moja na pesa ya chakula, na mtu mmoja akae na vitu kila wakati, si kwamba watu wa Durban ni wabaya, ni bichi ya mji, hata hapa Kisumu kwa hoteli za samaki huwezi acha simu mezani. Pombe hairuhusiwi mchangani. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vya homa ya manjano beba, wasije wakawasumbua airport. Ukiambiwa ukate kushoto kwa "robot" usitafute mashine, ni taa za barabarani. Ukisaidiwa sema ngiyabonga, ndiyo asante kwa Kizulu.

Mkitoka majini mtakuwa na njaa mbaya, tafuteni bunny chow, ni mkate umekatwa robo ukatolewa sehemu laini ya ndani ukajazwa mchuzi wa kondoo ama wa maharagwe, Wahindi wa Durban ndio waliuanzisha, unakula kwa mkono. Chukua wa kumpelekea mama kama alibaki nyumbani, umpelekee ukiwa bado wa moto.

Watu wa steji wakikuuliza video iko wapi, waambie ilikuwepo lakini simu iliachiwa dada, na dada alikuwa anacheka sana mpaka akapiga picha ya mchanga.

Anti